Siku Mama Mkwe Alipotazama Ndege

Mpaka siku ile, mimi na mama mkwe wangu tulikuwa hatujawahi kuonana uso kwa uso, na tulikuwa tunapatana sana. Kwa watu wa ukoo wake, huko Nyarubungo, mume wa binti na mama wa binti hawatazamani. Siku hizi wengi wameuacha mwiko huo, lakini yeye hakuuacha, na hakuna aliyethubutu kumwambia auache. Nikienda kwake na mke wangu, huanza kukohoa nikiwa bado kwenye migomba ili apate nafasi ya kuingia ndani. Nasimama uani, nageukia ukuta, nasema shikamoo mama. Ukuta unaitikia marahaba baba, habari za Ngara. Kisha chakula kinatoka kupitia kwa mke wangu, nami nashukuru kwa sauti, nikiushukuru ukuta. Nilikuwa naujua mchuzi wake, kikohozi chake, na kisigino chake kimoja, kwa maana kuna siku alichelewa kidogo kufunga mlango.

Mimi ni mwalimu wa sekondari karibu na Rulenge, na ulevi wangu ni ndege. Wenzangu wakitoka kazini huenda kuangalia mpira. Mimi hushuka mabondeni na darubini. Niliinunua mnadani, ikiwa imelala katikati ya mikoba ya mitumba na pasi mbovu. Upande wake wa kushoto una ukungu usiofutika, ila wa kulia ni mzima kabisa. Nikiwa nayo shingoni sina rafiki. Watu wakimwona mtu amesimama kilimani anaelekeza mitambo bondeni, hawafikirii ndege, wanafikiria mipaka ya hifadhi. Kuna siku huko Kaniha nilikuwa namfuatilia mdiria, yule mvuvi mdogo wa buluu, na nilipoishusha darubini nikakuta bonde zima limehama. Wafugaji waliotoka Shinyanga walikuwa wameshaswaga ng'ombe wao mpaka ng'ambo, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amesimama nyuma yangu kwa adabu, anauliza kama mstari utapita juu ya nyumba yake au chini. Nikamwambia mimi natazama ndege tu. Akasema ni sawa kabisa, mwalimu, lakini mstari utapita wapi.

Kwa hiyo mtu akinihitaji kwa ajili ya ndege, ni sherehe. Na wa kwanza kunihitaji alikuwa mama mkwe.

Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilizimika taratibu bila yeye kumwambia mtu, na alipofikishwa hospitali daktari akasema la kulia limekwenda na la kushoto linafuata. Dawa ya matone ingelichelewesha tu. Tayari alikuwa anaona katikati pekee, kama anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Pembeni palikuwa giza. Mke wangu alilia sana. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kutafuta la kufanya, alimwuliza mama yake kama kuna kitu anachotaka kukiona wakati jicho hilo bado lipo. Alidhani atataja wajukuu, au kaka yake wa Mwanza.

Akataja korongo. Wale wenye taji ya manyoya ya dhahabu kichwani, ambao sisi wa Ngara mmoja wao tunamwita umusambi. Alisema alipokuwa msichana walikuwa wakitua bondeni chini ya kwao, wanacheza, wanarukaruka na mabawa wameyafungua, na marehemu mama yake aliwafundisha kuucheza mchezo ule ule, mikono imepanuliwa. Sasa bonde lote ni mpunga na korongo hawatui tena. Alitaka kuwaona wakicheza mara moja, basi, jicho likitaka kufunga lifunge. Akamalizia kwamba anasikia kuna mtu anajua wanakokaa. Maneno hayo aliyasema akimtazama binti yake, lakini kwa sauti ya kutosha kunifikia mimi uani, nikiwa nimeegemea ule ukuta wetu.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana ilikuwa habari ya jicho la mtu.

Nilijua pa kumpeleka: hifadhini, kando ya ziwa, kwenye majani mafupi ambako korongo hushuka jua likipoa. Gari niliazima kwa jamaa yangu. Shida ikawa moja, nayo ilihitaji kikao cha familia. Mwenye gari la kuazima ni mimi, dereva ni mimi, anayewajua ndege ni mimi, na anayetakiwa kupelekwa haruhusiwi kuniona. Shangazi mmoja akashauri nimwendeshe nikiwa nimefunikwa. Alipoulizwa nitaionaje barabara, akasema hilo ni la dereva.

Mwishowe mke wangu akafunga kamba ndani ya gari, kutoka dirisha hadi dirisha, akatundika kitenge kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Kioo cha ndani nikakigeuza kitazame paa. Asubuhi ya safari nilisimama nikitazama mgomba mpaka nikasikia mlango wa nyuma umefungwa na paa limegongwa. Ndipo nikaingia, na tukaondoka kama gari lililobeba maharusi wa siri.

Njiani tulizungumza sana. Mama mkwe alikuwa anamwambia binti yake amwambie mumewe, mke wangu ananiambia, nami namwambia amwambie mama, ingawa sote tulikuwa ndani ya gari moja tukisikiana vizuri. Aliniuliza kama mashimo ninayaona. Nikajibu nayaona. Akauliza basi mbona nayapitia yote. Mke wangu alivumilia mpaka Biharamulo mjini, kisha usingizi ukamshinda, na tukabaki tumekatika mawasiliano. Halafu nikasikia mama mkwe anakiuliza kitenge kama tumekaribia. Nikaujibu usukani kwamba bado kidogo. Kitenge kikauliza usukani kama umekula. Usukani ukasema umekula, asante, na tangu hapo tulielewana kuliko mkalimani alipokuwa macho.

Getini askari aliniangalia mimi, akaangalia kitenge, akaniangalia tena. Akauliza nani yuko nyuma. Nikasema mama mkwe wangu. Akauliza kwa nini amefichwa, nikamwambia hakufichwa yeye, nimefichwa mimi. Akaniamuru nifunue. Nikasema siwezi. Hapo nikauona uso wa mtu anayeamini amekamata pembe za ndovu. Alizunguka akaufungua mlango wa upande wa pili kwa ghafla, na akajikuta ana kwa ana na bibi kizee aliyevaa gauni lake la kanisani, na mapajani ana bakuli la mihogo ya kuchemsha. Askari akatoa shikamoo. Akaitikiwa marahaba. Ili kukamilisha kazi akamwuliza kama anasafiri kwa hiari yake, na mama mkwe, aliyekuwa ameshazoea utaratibu wa siku hiyo, akamgeukia binti yake akasema amwambie huyu kijana kwamba yeye ndiye aliyetuleta.

Tulipewa mwongozaji, mtu wa makamo, mlokole, mwenyeji wa mkoa wa mbali. Akakaa mbele nami. Alitusikiliza tukipelekeana salamu kupitia kwa mke wangu, na kadiri tulivyosonga alizidi kuhuzunika. Mwishowe akasafisha koo akasema hifadhi ni mahali pa amani, na hakuna ugomvi wa ukweni usiozungumzika. Kabla sijamjibu alikuwa ameshafumba macho, mkono mmoja juu ya bega langu, mwingine ameupenyeza chini ya kitenge, anakemea roho ya mafarakano. Aliomba kwa kirefu. Nyuma ya kitenge mama mkwe akasema amina, kwa sababu si mtu wa kuacha sala ipite hivi hivi. Tulipomweleza kwamba hatujagombana, kwamba hii ndiyo heshima yenyewe, alitikisa kichwa akauliza sasa ni nani hasa aliyemkosea mwenzake.

Tulishuka karibu na maji. Darubini ilikuwa moja, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Mimi natangulia peke yangu na kutafuta ndege. Nikimpata naiweka darubini juu ya kichuguu, nazunguka nyuma ya kichaka, napiga mluzi. Mama mkwe anakuja ameshikwa mkono na binti yake, anaiokota, anaielekeza, na ndege ameshaondoka. Tunarudia. Nikampata yangeyange, akaondoka. Nikampata tai mlasamaki juu ya mti mkavu, ametulia kama mwenye shamba, nikapiga mluzi, naye akaruka kwa sababu ya mluzi. Mwongozaji alikuwa anakimbia kati yetu akitaja majina ya ndege ambao hawapo tena.

Kulikuwa na tatizo jingine nililokuwa sijalifikiria, nikajilaumu. Darubini ilikuwa nzima upande wa kulia, na yeye alikuwa mzima upande wa kushoto. Aliiweka machoni, akaona ukungu. Kisha akaigeuza chini juu, upande mzima ukaja kwenye jicho zima, na nikiwa kichakani nikamsikia anavuta pumzi. Mwongozaji akamwambia kwa upole kwamba ameishika vibaya, ameipindua.

“Mwambie ndege wamesimama wima,” mama mkwe alimwambia binti yake.

Lakini ndege hao walikuwa bata. Korongo hawakuwapo. Jua likaanza kushuka, muda wa kutoka hifadhini ukakaribia, na mimi nikapandwa na hasira. Nilimsogelea mwongozaji nikamwambia maneno mengi juu ya mila, juu ya ukungu wa darubini, juu ya mpunga, juu ya presha ya macho. Uchungu wangu ulikuwa kwamba tusingerudi. Gari la kuazima haliazimwi kila mwezi, na lile jicho halikuwa linangoja ratiba ya shule. Niliona wazi kwamba huyu mama atakwenda gizani na bata.

Mwongozaji alinisikiliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema jambo la maana. Alisema korongo hupenda uwanda wa ng'ambo ya kijito kilichokuwa mbele yetu, na kwamba mbali kiasi kile mtu mwenye jicho moja bovu hawezi kutambua uso wa mtu yeyote. Kwa hiyo mimi niende ng'ambo, nisimame kama kigingi, na wakitokea ninyooshe mkono kuwaelekea. Wao wabaki huku na darubini. Mwiko wangeulinda umbali.

Nikavua viatu nikavuka. Mke wangu alinipigia simu ili laini ibaki wazi, maana huko mtandao ni wa kuotea. Nikasimama kwenye majani mafupi, simu sikioni, kofia kichwani, nikitazama juu kama mtu aliyepotelewa na mvua.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Sauti yao ni ya honi mbovu ya baiskeli, lakini moyo wangu ulipiga. Walikuja wawili kutoka upande wa vilima, chini, miguu imening'inia, wakazunguka mara moja na kutua. Hawakutua mbali nilikotaka kuwanyooshea mkono. Mmoja alitua kushoto kwangu na mwingine kulia, karibu mno, kana kwamba mimi ni kichuguu walichokuwa wanakitafuta. Sijawahi kuwa karibu na korongo namna ile tangu nizaliwe. Nikaona taji, shavu jeupe, na kidevu chekundu.

Ndipo nilipoelewa kilichotokea. Mama mkwe asingeweza kuwatazama bila kunitazama. Na hakuwa akinitazama kwa jicho bovu kutoka mbali, bali kupitia darubini, iliyotengenezwa makusudi kuleta nyuso karibu. Nilitaka kugeuka niwape mgongo. Ng'ambo mwongozaji alikuwa anapunga mikono yote miwili, na ndani ya simu mke wangu akaninong'oneza nisisogee. Nyuma yake nikamsikia mama yake.

“Mwambie asimame pare pare.”

Nikasimama. Korongo wa kushoto akainamisha kichwa. Wa kulia akainamisha wake. Kisha nikaona mabawa yanafunguka, meupe na meusi na rangi ya asali, na nikajua ngoma inaanza, na nikajua pia kwamba ng'ambo darubini imeshainuliwa.

Nikafumba macho.

Najua lilikuwa wazo la kijinga. Lakini nilijiambia kwamba mwiko unasema tusitazamane, na kutazamana kunahitaji watu wawili. Mimi nikifumba, anabaki anatazama ndege tu, na mimi nabaki sehemu ya majani. Kwa hiyo mimi, ninayetembea mabonde yote ya Ngara kutafuta kitu cha namna hiyo, nilisimama katikati ya korongo wanaocheza na sikuona hata mmoja. Nilisikia mabawa yakipiga hewa, nikahisi upepo wake kwenye shingo. Nilisikia miguu inaruka na kutua, inaruka na kutua, na unyoya au jani likanigusa mkono. Niliumia, nisiseme uongo. Nilitamani kufungua jicho moja tu, na nikakaza yote mawili mpaka machozi yakatoka.

Walicheza muda mrefu. Halafu ikaja kelele ya ile honi mbovu, upepo mkubwa, na kimya. Nikawasikia wakienda juu yangu kuelekea jua linakozama.

Nikafungua macho. Ng'ambo mke wangu na mwongozaji walikuwa wameinua vichwa wanawasindikiza korongo angani. Mama mkwe hakuwa ameinua kichwa. Darubini ilikuwa bado machoni kwake, imepinduliwa chini juu, na ilikuwa imenielekea mimi.

Nilidhani hajajua kama wameondoka. Nikangoja. Darubini haikutikisika. Nilikuwa sijui niuweke wapi uso wangu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilijisikia kama nimeitwa mbele ya darasa. Sikuweza kugeuka tena, na kufumba tena kungekuwa utovu wa adabu wa aina nyingine. Nikavua kofia. Nikaishika kifuani, nikainua uso upate mwanga.

Ndani ya simu nikamsikia mke wangu anasema, “Mama, ndege wameshaondoka.”

“Najua,” mama mkwe akasema. “Niache kidogo.”

Tukarudi usiku ukiingia, kitenge kimetundikwa, kioo kinatazama paa. Hakuna aliyesema lolote juu ya kijito. Mwongozaji alituaga kwa furaha ya mtu aliyepatanisha familia, na hatukumnyima furaha hiyo. Barabarani kitenge kiliuliza usukani kama umechoka, usukani ukasema haujachoka. Kikauliza kama mashimo unayaona. Nikajibu hapana mama, sasa hivi siyaoni vizuri, na ilikuwa kweli, nilikuwa nafuta macho kwa mkono wa shati.

Jicho la kushoto lilifunga kabla ya mahindi ya msimu uliofuata kukomaa. Nikienda Nyarubungo bado nakohoa kwenye migomba, na yeye bado anapapasa ukuta na kuingia ndani, ingawa nikisimama mbele yake sasa hawezi kuniona. Niliwahi kumwuliza mke wangu kama huo mwiko una maana tena. Akasema nimwulize mama. Nikauuliza ukuta. Ukuta ukacheka, ukaniletea chai.

Watoto wangu ndio hukaa naye ndani, na humwomba awasimulie safari ya hifadhini, kwa sababu anawaruhusu kucheka pale alipoombewa. Huwa nasikiliza kutoka uani. Anawaeleza korongo walivyoinama, walivyofungua mabawa, kila kitu ambacho mimi sikukiona, na hivyo ndivyo nilivyokuja kuwaona. Halafu mdogo humwuliza na katikati yao kulikuwa na nini, ingawa jibu analijua. Bibi anashusha sauti ili nisisikie, na mimi nasikia.

“Katikati arikuwepo baba yenu,” anasema. “Ana masikio makubwa, na amefumba macho.”